Wino wa Pili

Maktaba ya mji wa Bordeaux, nchini Ufaransa, inayo nakala moja ya kitabu cha insha kilichochapishwa mwaka 1588 ambayo pambizo zake zimejaa mwandiko wa mkono. Mwandiko ni wa mtunzi mwenyewe, Michel de Montaigne. Kitabu kilikwishatoka, watu wanakisoma, lakini yeye hakukiachia. Alikata neno hapa, akapachika sentensi pale, mpaka mauti yalipomkuta mwaka 1592.

Ukurasa mmoja unamhusu rafiki yake, Étienne de La Boétie, aliyefariki mwaka 1563 akiwa na miaka 32. Katika matoleo ya mwanzo Montaigne alisema tu kwamba ukimbana aeleze kwa nini alimpenda mtu yule, anaona jambo hilo halielezeki. Ndipo siku moja akachukua kalamu akaongeza pembeni: kwa sababu alikuwa yeye. Siku nyingine, kwa wino tofauti, akamalizia: kwa sababu nilikuwa mimi.

Sentensi hiyo hunukuliwa kila mahali kana kwamba ilitoka kinywani kwa pumzi moja. Haikuwa hivyo. Ilikuja vipande viwili, na kati ya "yeye" na "mimi" kuna mtu aliyeinuka mezani akaenda zake, kisha akarudi.

Nimeanza na pambizo hiyo kwa sababu insha nyingi za utambulisho ninazosoma siku hizi zinaanzia kwenye wino wa pili. Mwandishi anafungua kwa "mimi ni", anataja kabila, dini, jinsia, kizazi na lugha yake, halafu kurasa zote zinazofuata zinakuwa za kuutetea ufunguzi huo. Hakuna anachokigundua njiani, maana alifika kabla hajaondoka. Msimamo wangu ni kwamba mwanainsha huiona nafsi yake kwa pembeni, macho yake yakiwa yameshughulika na kitu kingine kabisa: kadi, kifungo cha shati, kobe, mdudu kwenye kioo cha dirisha. Tunaposema insha za utambulisho, za lugha, za jamii na za maumbile tunazigawa kwa mafungu manne ili tujue pa kuziweka. Mwandishi mwenyewe, akiwa kazini, hana mafungu hayo.

Neno letu lenyewe limetuelekeza njia fulani. Insha tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako ni kuumba, kuasisi, kutunga. Kwa karne nyingi lilikuwa jina la elimu ya makatibu wa dola. Al-Qalqashandi, karani wa serikali ya Wamamluki, watawala wa Misri, mjini Kairo, alikamilisha mwaka 1412 kitabu kikubwa mno cha kuwafunza waandishi wa barua za sultani: vyeo vitajwe vipi, salamu zipangwe vipi, hata karatasi iwe ya aina gani. Barua ya sultani haisitisiti. Montaigne, kwa upande wake, alikipa kitabu chake jina la Kifaransa lenye maana ya majaribio, na mzizi wake wa Kilatini ni kupima uzito. Aliichukua mizani kuwa nembo yake, pamoja na swali: najua nini? Neno moja linajenga jengo lililonyooka. Jingine linaweka kitu kwenye mizani na kusubiri upande gani utashuka.

Mizani hiyo haikuwa mali ya Ufaransa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki karne ya 9, aliandika kitabu cha wanyama chenye juzuu 7, na humo akatumia kurasa nyingi kumpambanisha mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo, kila mmoja akipewa nafasi ya kusema hoja zake zote. Japani, yapata mwaka 1000, Sei Shōnagon aliyekuwa mhudumu wa malkia aliandika orodha za vitu vya aina mbalimbali, ikiwemo ya vitu vinavyoufanya moyo udunde. Wajapani wana jina la utanzu huo linalomaanisha kuifuata brashi inakokwenda. Hilo ndilo jina ninalolionea wivu kuliko yote.

Sisi wa Kiswahili tulipoichukua insha tuliichukua kwa upande wa karani. Nilifundishwa kwamba ina utangulizi, kiini na hitimisho, na kwamba hitimisho lirudie utangulizi kwa maneno mengine. Mwalimu alizungushia wino mwekundu kila "labda" niliyoiandika. Alikuwa akinitayarisha kwa mtihani, na kwa mtihani alikuwa sahihi, lakini ilinichukua miaka mingi kuirudisha "labda" katika sentensi zangu bila aibu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliweka insha na mashairi katika jalada moja, kana kwamba anatuonyesha kuwa ni ndugu. Wengi tuliomfuata tulishika adili lake tukaliacha jicho lake. Nitarudi kwake.

Mwaka 1903 W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi, alichapisha kitabu cha insha ambacho sura yake ya kwanza inabeba fikra nzito: kwamba mtu mweusi wa nchi ile anaishi akijitazama kwa macho ya mwingine, akiwa na nafsi mbili ndani ya mwili mmoja. Wasomi wameijenga nadharia nzima juu ya fikra hiyo. Lakini tazama ilikoanzia. Watoto wa shule ndogo ya mbao, huko milimani Massachusetts, wanaingiwa na wazo la kununua kadi za kupendeza, pakiti moja senti kumi, na kubadilishana. Mchezo unakwenda vizuri mpaka msichana mmoja mrefu, mgeni pale shuleni, anapoikataa kadi ya Du Bois kwa kumtupia jicho tu. Basi. Hakuna tusi, hakuna kofi. Kadi imebaki mkononi mwa mtoto, na mtoto ameona pazia likishuka kati yake na wenzake.

Mwandishi mwingine angeanza na takwimu za ubaguzi, na asingekosea. Ila kadi ile inafanya jambo ambalo takwimu hazifanyi: inatuonyesha utambulisho ukizaliwa kati ya watu wawili, kwa sekunde moja, kutokana na kitu kilichonunuliwa kwa senti kumi. Kabla ya jicho la yule msichana, mtoto yule alikuwa mtoto. Ndiyo sababu nashindwa kuzitenga insha za nafsi na insha za jamii. Jamii iliingia kwenye ile shule kupitia mkono uliogoma kunyooshwa.

Nusu karne baadaye James Baldwin, Mmarekani mweusi pia, akaipeleka njia hiyo mbali zaidi. Katika insha aliyoichapisha mwaka 1955 anasimulia kifo cha baba yake, mhubiri mwenye uchungu mwingi ambaye mwana hakuelewana naye. Baba alifariki tarehe 29 Julai 1943. Saa chache baadaye, siku ileile, mtoto wake wa mwisho akazaliwa. Muda mfupi kabla ya maziko, mtaa wa Harlem jijini New York ulilipuka kwa ghasia, vioo vya maduka vikavunjwavunjwa, na msafara wa kwenda makaburini ukapita katikati ya nyika ya vioo hivyo.  Baldwin anaviacha vitu vitatu, jeneza, mtoto mchanga na vioo, vikae pamoja mpaka msomaji aone kwamba hasira ya nyumbani na hasira ya mitaani ni hasira moja. Na anapofika mwisho hatoi hukumu. Anajikuta analazimika kushika mawazo mawili yanayopingana: kuyapokea maisha na watu jinsi walivyo, na kutoikubali dhuluma kamwe kuwa jambo la kawaida. Yote mawili yanabaki kwenye mizani, na yeye ndiye anayebaki ameishika.

Kwenye lugha, mambo yanakaribia mwili zaidi. Gloria Anzaldúa, aliyekulia mpakani mwa Marekani na Mexico, anafungua insha yake ya mwaka 1987 akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Daktari anang'oa vyuma kinywani mwake na kulalamika kwamba ulimi unamsumbua, itabidi audhibiti. Ni ulimi wa nyama anaouzungumzia. Anzaldúa akausikia ulimi mwingine, ule uliokuwa ukiadhibiwa kwa Kihispania chake, na kwa Kiingereza chake pia, kwa kuwa pande zote mbili walimwona anachafua. Anakuja kusema kwamba utambulisho wa kabila na utambulisho wa lugha ni ngozi pacha, na kwamba yeye ni lugha yake. Kauli kama hiyo ingeanzishwa peke yake ingekuwa kibao cha maandamano. Baada ya kiti cha daktari, inauma.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha insha cha mwaka 1986, anakumbuka adhabu ya shuleni kwa watoto waliokamatwa wakizungumza lugha ya mama. Mwanafunzi mmoja alipewa kifungo cha nguo, naye alitakiwa kumpa atakayemsikia akisema Kigikuyu, huyo naye amtafute mwingine. Jioni aliyekutwa nacho alitaja aliyempa, huyo akamtaja aliyemtangulia, mpaka wakosaji wote wa siku wakajulikana. Watoto waligeuzwa wasaka wachawi wa wenzao. Ngũgĩ aliandika hayo kwa Kiingereza, na humo akatangaza kuwa anaaga kukitumia, tangu hapo aandike kwa Kigikuyu na Kiswahili. Lakini lugha ya Kiingereza haikuweza kumpa kile ambacho Kiswahili kingempa bure: kwetu kitu kile kidogo chenye matundu huitwa kifungo, na anachohukumiwa mtu kukaa jela nacho ni kifungo. Mwandishi huyu alifungwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa mwaka 1977 mpaka Desemba 1978, na humo ndani akaandika riwaya kwa Kigikuyu juu ya karatasi za chooni. Kifungo cha kwanza na kifungo cha pili vinashonwa na neno moja, na mshono huo haupo katika kitabu chenyewe.

Hapo ndipo ninapoona kazi yetu iliyolala. Kuhusu lugha yetu tuna sifa tele. Karibu kila makala ya kukitetea Kiswahili inamnukuu Shaaban Robert: titi la mama litamu, hata likiwa la mbwa. Tunaunukuu mstari huo kama bendera, tukipiga makofi. Usome taratibu. Mtunzi ni Mwislamu, kwenye jamii ambayo mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, na mnyama huyo ndiye aliyemchagua kumsimamisha mahali pa mama. Aliitafuta picha ambayo msomaji wake angeshtuka nayo, kisha akasema hata hiyo ni tamu. Hakusema lugha yake ni bora kuliko nyingine. Alisema utamu wake hautegemei ubora. Hoja hiyo ni ya kishujaa kuliko tunavyoitumia, na haihitaji makofi hata kidogo. Inahitaji mtu wa kuitazama.

Kuna pingamizi zito kwa haya ninayosema, nami silipuuzi. Kutazama kunataka nafasi. Montaigne alikuwa na mnara wake, mashamba na watumishi. Virginia Woolf, mwandishi wa Uingereza, alilisema wazi mwaka 1929: mwanamke akitaka kuandika anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli mlangoni. Mtu anayedhulumiwa leo anaambiwaje asubiri mpaka wino wa pili uje? Ana haki ya kusema "mimi ni" kwa sauti ya juu, na zipo nyakati ambapo kauli hiyo ndiyo ya kwanza kuhitajika. Tena mhariri anayemwambia kijana "tazama kwanza, usitangaze" anaweza kuwa anamnyamazisha kwa adabu. Pingamizi hili linanisumbua. Ninachoweza kusema ni kwamba Du Bois, Baldwin, Anzaldúa na Ngũgĩ hawakuwa watu wa minara, na hakuna hata mmoja aliyeacha kutazama ili apige kelele. Walizifanya zote mbili, na ukali wa kauli zao umetokana na kadi, na kiti cha daktari, na kifungo.

Maumbile nimeyaweka mwisho kwa sababu huko ndiko wengi hudhani mwanainsha anakwenda kupumzika mbali na watu. Robin Wall Kimmerer, mtaalamu wa mimea kutoka taifa la Potawatomi huko Marekani, anasimulia katika kitabu cha mwaka 2013 alivyoanza kujifunza lugha ya mababu zake akiwa mtu mzima, wakati wazungumzaji fasaha waliobaki duniani walikuwa 9. Alikaribia kukata tamaa alipokuta katika kamusi kitenzi chenye maana ya "kuwa ghuba". Ghuba inatendwaje? Kisha akaelewa. Ghuba ikiwa jina tu, maji yamefungiwa ndani ya neno, yamekufa. Ikiwa kitenzi, maji yako hai: kwa sasa yamekaa kati ya kingo hizi, na yakitaka yatakuwa mto. Kiingereza, analalamika, humwita kila kiumbe asiye mtu kwa kiwakilishi kilekile cha meza na ndoo.

Nilipomsoma niliweka kitabu chini nikaanza kuzigeuza sentensi zangu mwenyewe. Kiti kimevunjika. Kisu kimepotea. Kipepeo? Ameruka. Kiboko amezama, kifaru amejeruhiwa. Umbo la jina linadai ki-, uhai unakataa. Tunalifanya hilo kila siku bila kufundishwa na mtu, na nijuavyo mimi ni moja ya mambo mazuri kabisa katika sarufi yetu: mdudu hulazimisha kitenzi kimheshimu. Mti haumo humo, mti umeanguka tu. Lakini tazama majirani wake wa ngeli: moto, moshi, mto, mwezi, mwili, moyo. Vinakua, vinawaka, vinatiririka, vinadunda, bila mkono wa mtu kuvisukuma. Sidai kwamba wahenga walikaa wakapanga hivyo, kwa kuwa mkeka na mkuki nao wamo. Nasema tu kwamba nikiwa nasema "moyo umetulia" na "mto umetulia" kwa kiambishi kimoja, kuna kitu lugha inanionyesha, nami nimekuwa nikipita.

Na ukishaanza kutazama ngeli huwezi kubaki porini. Kipofu, kiziwi, kiwete: kitenzi kinawapa a-, lakini jina limebaki na ki- ya kiti, na ndiyo sababu watu wengi sasa husema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu. Nilikubaliana na hoja hiyo haraka. Baadaye nikakumbuka kijana, kiongozi na kinyozi, ambao nao wana ki- na hakuna anayesikia dharau. Kwa hiyo herufi mbili peke yake hazina hatia. Masikio yetu ndiyo yaliyozoea kusikia upungufu unaofuata baada yake. Bado napendelea maneno mapya, ila sasa najua sababu yangu si ile niliyoanza nayo.

Gilbert White, kasisi wa Kiingereza aliyechapisha barua zake za maumbile mwaka 1789, alimrithi kobe kutoka kwa shangazi yake na kumfuatilia kwa miaka: lini amefukia mwili ardhini, lini ameibuka, mvua inapokuja anafanya nini. Jina lake Timothy, la kiume, na kwa lugha yake White mara nyingine akamwandika kiume. Gamba lilipochunguzwa baada ya kobe kufa ikaonekana alikuwa jike. Kwa Kiswahili asingekosea. Kobe amelala, kobe ameamka, na hakuna la ziada linalodaiwa.

Kuna insha fupi ya Woolf iliyochapishwa mwaka 1942, yeye akiwa ameshafariki. Ni asubuhi ya katikati ya Septemba, anasoma karibu na dirisha, na kwenye kioo kuna nondo wa mchana anayeruka kutoka pembe moja kwenda nyingine. Kwa Kiswahili nondo ni jina la mdudu huyu na pia la vyuma vya ujenzi, na kinachowatenganisha ni kitenzi peke yake: nondo imepinda, nondo amechoka. Huyu amechoka. Anaanguka chali kwenye ubao wa dirisha, miguu inapiga hewa. Woolf anachukua penseli. Anainyoosha amsaidie kugeuka, halafu inamjia kwamba anachokiona si uzembe wa mabawa, ni mauti yanakaribia. Anaiweka chini. Nje, mashambani, kila kitu kimetulia. Miguu inatikisika tena. Anainyanyua penseli mara ya pili, na safari hii anajua kabisa kwamba haitasaidia kitu.